Mwezi wa Aadi: kutoka Chennai mpaka kijijini kwenye daftari la moi

Jumatatu, Chennai

Mama mdogo, tuliyemleta hospitali huku India, kamaliza vipimo vya kwanza, majibu mpaka wiki ijayo, daktari kasema apumzike asizurure, basi yeye na dada yangu wamebaki gesti hapa mitaa ya Greams Road. Ukipita hii mitaa jioni unasikia Kiswahili kabisa, Wabongo na Wakenya na bahasha zao za eksirei wanabishana na dereva bajaji. Mimi nikaambiwa nenda katembee huko, unatujazia chumba.

Nimeondoka na mama anayetupikia gesti, sote tunamwita Akka yaani dada mkubwa, maana hapa hata mtu usiyemjua lazima umpe undugu, bila hivyo unaonekana huna adabu. Akka ni mjane, ana mtoto mmoja wa kiume anasoma ufundi, na alikuwa na orodha yake ya manunuzi ndefu sababu Alhamisi kaka yake ana shughuli kijijini, na mimi nimealikwa. Hiyo shughuli nitaieleza ikifika, kwanza niwaambie kuhusu Aadi.

Aadi ni mwezi wa kalenda ya Kitamil, unaanza katikati ya Julai unaisha katikati ya Agosti. Mwezi huu watu hawaoi, hawahamii nyumba mpya, hawafungui biashara. Bi harusi mpya anarudishwa kwa mama yake akae huko, na sababu wanayokupa ni kwamba mimba ikiingia Aadi mtoto atazaliwa Chithirai, Aprili kwenda Mei, na joto la Chennai miezi hiyo si la mtoto mchanga wala la mzazi. Sasa mwenye duka la nguo za harusi atakula nini mwezi mzima? Ndo hapo punguzo la Aadi linapoingia, maduka yanamwaga mzigo kwa bei ya chini, na watu ambao hawaruhusiwi kuoa mwezi huu wanajaa madukani kununua vitu vya harusi ya mwezi ujao. Mfanyabiashara wa Kitamil kachukua mwezi wa nuksi kaugeuza msimu, nimempa heshima yake.

Tulienda T. Nagar, mtaa wa maduka, kwa basi la mjini la kawaida, wanawake hawalipi nauli tangu 2021, kondakta akanikatia tiketi ya bure na mimi nikaitunza kwenye pochi. Ranganathan Street ni kichochoro tu kinachotokea steshen ya Mambalam, lakini huwezi kutembea kwa akili yako, unabebwa, ukitaka kusimama uangalie kitu inabidi ushike mlango wa duka. Kwenye maduka makubwa kila floo ina biashara yake, sari, vyombo, masanduku, dhahabu, halafu juu kabisa chakula ili usipate sababu ya kutoka.

Mimi nilikwama kwenye vyombo vya stili. Vinauzwa kwa kilo! Jamaa anaweka sufuria kwenye mizani, anapiga hesabu, anakuandikia bili. Ukishalipa kuna kijana pembeni ana kamashine kama peni ya umeme, anakuchongea jina na tarehe bure, kelele yake inauma meno. Akka alinunua ndoo ya stili na bilauri sita, vyote vikachongwa jina lake. Nikamuuliza kwani wezi ni wengi hivyo, akacheka, akaniambia kwao ukifungua kabati utajua nani alileta nini harusi ya mama yake, na nani aliahidi hakuleta.

Jumanne, Kanchipuram

Asubuhi kabla ya saa kumi na mbili wanawake washafagia mbele ya mlango, wamenyunyiza maji, wanachora kolam, yale mapambo ya chini mlangoni, kwa unga wa mchele, unga unachuruzika kati ya vidole na mstari haukatiki. Mitaa mingi siku hizi wanatumia unga wa mawe sababu ni mweupe zaidi, Akka hataki hata kuusikia, anasema mchele angalau sisimizi wanakula.

Kanchipuram ni kama kilomita sabini na kitu kutoka Chennai, njiani unapita Sriperumbudur penye viwanda vya magari na vya simu, mabasi ya wafanyakazi yamepanga foleni barabarani. Nayataja sababu mfumaji tuliyemtembelea watoto wake wote wawili wako huko viwandani, hakuna aliyetaka kukaa kwenye kitanda cha mfumi. Yeye anakaa ukingoni mwa shimo, miguu iko ndani ya shimo inakanyaga, mikono juu. Sari ya kweli ya Kanchipuram pindo na mwili vinafumwa kwa nyuzi tofauti na vinaungwa humohumo kwenye kufuma, vipisi vitatu vya kupitishia uzi vinarushwa, kwa hiyo lazima awepo mtu wa pili pembeni, mara nyingi ni mke wake, na ukiivuta sana hiyo sari kitambaa chenyewe kitachanika lakini ungio halitaachia. Uzi wa dhahabu ndani ni hariri, juu yake fedha, juu kabisa dhahabu, na wale feki wanaweka shaba. Tangu 2005 jina la hariri ya Kanchipuram linalindwa kisheria, lakini nje ya hekalu madalali wanakuuzia ya mashine na wanaapa kwa mama zao.

Sari moja wiki mbili au tatu. Tajiri analeta uzi na mchoro, mfumaji analipwa ufundi tu, na mara nyingi ufundi wenyewe ameshaula kama advansi. Kule dukani T. Nagar sari kama hiyo inawekwa kwenye boksi na muuzaji anaifungua mbele ya ukoo mzima uliokaa chini kwenye godoro jeupe, shangazi mmoja akikunja uso inarudi. Huyu mzee hajawahi kukaa kwenye lile godoro.

Ukumbuke pia hii Chennai yote imeanza kwa vitambaa. 1639 Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki ilipewa kipande cha ufukwe hapa, wakajenga ngome ya Fort St. George, na walichokifuata ilikuwa nguo za pamba za wafumaji wa pwani hii. Mji ukaitwa Madras mpaka 1996.

Kanchipuram ndo alikozaliwa C. N. Annadurai, 1909, familia ya wafumaji. Huyu alianzisha chama cha DMK 1949, akashika serikali ya jimbo 1967, na katika mambo aliyofanya haraka ni kuhalalisha ndoa ya kujiheshimu, yaani watu mnaoana bila kasisi wala moto wala mantra, mnavalishana mashada au kufunga uzi mbele ya ndugu na imetosha. Miaka kibao nyuma Periyar, mpinzani mkubwa wa mambo ya tabaka, na vuguvugu lake la 1925 walikuwa wanazifungisha, na wajane wanaozesha tena, sheria inawaambia hao si mke na mume. Vuguvugu hilohilo ndo sababu Watamil wengi leo hawana jina la ukoo, mkutano wa Chengalpattu 1929 uliwaambia watupe majina ya tabaka, wakabaki na jina moja na herufi mbele, herufi ya baba. Ndo maana pale hospitali fomu zina tabu, kompyuta inataka jina la mwisho, mtu analo moja. Ya Akka ilikuwa herufi ya baba, akaolewa ikawa ya mume, mume kafa herufi imebaki.

Jumatano, njiani

Treni yetu ni Pallavan, inatoka steshen ya Egmore saa tisa na kitu alasiri kwenda Karaikudi. Saa sita nimeshabeba begi niko mlangoni, Akka kakaa. Kalenda ya ukutani, ile ya kuchana karatasi kila siku, ina saa mbaya za kila siku, saa moja na nusu inaitwa rahu kalam, Jumatano inaanza saa sita mchana mpaka saa saba na nusu, na ndani ya muda huo Akka haanzi safari, haendi benki, hata vocha hanunui. Jumatatu ni asubuhi saa moja na nusu, Jumamosi saa tatu, anazo kichwani zote saba. Saa saba na thelathini na moja tukatoka, ikabidi kukimbizana na foleni kwenye bajaji, nilikuwa nachemka lakini treni tuliipata.

Ndani ya treni watu wanakula toka inaondoka mpaka inafika. Vada, chai, kahawa, idli zimefungwa kwenye jani. Trichy tumefika usiku, kabla yake treni inapita juu ya Kollidam halafu Kaveri, mito miwili kwa dakika chache, abiria wengine wakarusha sarafu dirishani. Pudukkottai kaka yake alikuwa anatusubiri.

Alhamisi, kijijini

Haya sasa. Moi.

Moi ni pesa unayotoa kwenye shughuli ya mtu, harusi au mtoto kutobolewa masikio, na inaandikwa kwenye daftari, jina, kijiji, kiasi. Hilo ni Tamil Nadu, jimbo hili, karibu yote. Ila pande hizi za Pudukkottai na Peravurani wamefika mbali zaidi, hawasubiri harusi, wanaandaa karamu ya moi yenyewe, hakuna bwana harusi wala bibi harusi, kuna sababu moja tu: leo nakusanya. Na zinafanywa hasa Aadi na mwezi unaofuata, yaani mwezi usio na harusi wameujazia hizi.

Ukumbi umekodiwa na wenyeji sita kwa pamoja, wanagawana gharama za turubai, wapishi na mbuzi. Nje kuna mabango makubwa yana sura za wenyeji na baba zao marehemu na wanasiasa wawili watatu kwa kujipendekeza. Ndani kila mwenyeji ana meza yake, na kila meza ina karani, daftari, na beseni la stili la pesa. Kwenye meza ya kaka yake Akka kulikuwa na mashine ya kuhesabu noti, ile ya benki, inapiga trrr kila dakika. Unakula kwanza, wali na mchuzi wa mbuzi kwenye jani la mgomba, mkono wa kulia tu, ukimaliza unakunja jani kuelekea kwako maana hii ni shughuli ya heri, msibani ndo unalikunja kwenda mbele. Halafu unaenda mezani.

Kanuni yenyewe niliielezwa na kaka mtu mwenyewe, anaongea huku macho yako kwenye beseni. Mimi nilikupa elfu moja miaka mitano iliyopita. Leo nakuita, wewe unanirudishia ile elfu, unaongeza yako mpya, tuseme elfu nyingine na moja juu, ile rupia moja inawekwa ili hesabu isifike mwisho. Sasa nadaiwa mimi. Nikirudisha kamili bila kuongeza, maana yake nimefunga kitabu na wewe, na hilo watu hawalichukulii poa. Kila nyumba inaandaa mara moja kila miaka mitano hivi, ndo unavuna kwa wote uliowahi kuwapa. Kwa zamu yake iliyopita alichimba kisima, kabla ya hapo akamlipia binti chuo. Hakuna riba, hakuna dhamana, hakuna fomu, benki isingemsikiliza.

Mimi nimekaa kwenye kamati za harusi Dar tangu nianze kazi, najua michango, kadi ya dabo, kadi ya singo, mweka hazina anayekupigia saa nne usiku. Tofauti kubwa niliyoiona ni kwamba sisi tunajifanya hatuhesabu. Tunahesabu sana, tunakumbuka nani alitoa laki na nani alitoa pole, ila tunakumbuka kimoyomoyo na kuja kusemana vikaoni. Hawa wameweka daftari mezani na mashine ya noti juu yake, na kwa kweli kwangu mimi hii ni heshima zaidi.

Ila isiwe nawapamba. Novemba 2018 kimbunga Gaja kilipiga hapa, minazi ya huyu bwana ililala chini yote usiku mmoja, na mnazi ukiupanda leo unasubiri miaka. Daftari halijui kimbunga. Waliomwalika mwaka uliofuata ilibidi awape, akakopa kwa watu wa riba kulipa deni lisilo na riba, na zamu yake mwenyewe ilipofika ikakuta korona, kumbi zimefungwa. Anasema kuna jirani aliuza dhahabu ya mkewe akarudisha moi, na wapo waliohamia Tiruppur kwenye viwanda vya fulana, hata simu hawapokei.

Ikafika zamu ya Akka. Karani, kijana tu, akamuuliza jina la mume. Akka akasema amekufa. Basi la mtoto. Nilipochungulia lile daftari kurasa zilikuwa majina ya wanaume tupu, mke anatoa pesa mkononi mwake linaandikwa la mume. Akka akaweka noti mezani, akamwambia hii hela nimepata kwa kupika Chennai, andika mimi. Foleni nyuma inanung'unika. Karani akamwangalia kaka mtu, kaka mtu akaangalia beseni, halafu akatikisa kichwa ule mtikiso wao wa pembeni unaoweza kuwa ndiyo. Likaandikwa.

Mimi nikatoa mia tano na moja. Wakaandika jina langu na mahali nikasema Dar es Salaam, kijana akaliandika kwa herufi za Kitamil, likachukua mstari mzima.

Ijumaa, Karaikudi

Ijumaa za Aadi ni za Mariamman, mungu mama wa mvua na wa ndui na tetekuwanga, kila hekalu lake limefungwa matawi ya mwarobaini mlangoni na wanagawa uji wa ulezi kwa yeyote anayepita. Uji wa ulezi kabisa, mzito, wameuchachusha, unakunywa na kitunguu kibichi na pilipili. Nikaongezewa mara mbili na bibi mmoja aliyeshangaa mgeni anaujua.

Basi likapita Aranthangi mpaka Karaikudi, nchi ya Chettiar. Hawa walikuwa mabenki kabla ya benki, kwenye karne ya kumi na tisa na mwanzo wa ishirini walikopesha Burma, Ceylon na Malaya, wakarudisha nyumbani mbao za msaji wa Burma, marumaru ya Italia na vioo vya Ubelgiji. Kanadukathan kuna nyumba zinaanzia mtaa huu zinatokea mtaa wa pili, ua baada ya ua, ukuta umesuguliwa kwa chokaa na ute wa mayai mpaka unang'aa, sakafu ni vigae vya Athangudi vinavyomwagwa kwa mkono juu ya kioo. Nyingi zimefungwa, kuna mlinzi na popo, zinafunguliwa ukoo ukiwa na harusi au wakija watu wa sinema.

Kilichowaangusha ni daftari pia. Mdororo wa 1930 bei ya mchele iliporomoka, wakulima wa Burma wakashindwa kulipa, Chettiar wakachukua mashamba, mpaka mwishoni mwa miaka hiyo robo ya ardhi ya mpunga ya wilaya kuu za kusini ilikuwa mikononi mwao. Hawakuwa wameitaka, walitaka hela zao, lakini ukiwa mgeni unashika robo ya mashamba ya watu chuki haikosi. 1942 Wajapani wakaingia, wengi wakakimbia, na Burma huru baadaye ikataifisha ardhi.

Mjini Karaikudi kuna mtaa wa vitu vya kale, na hapo nilikutana tena na vyombo. Binti wa Chettiar alikuwa anaolewa na vyombo vya chumba kizima, sufuria za shaba za kupikia kijiji, vijiko mpaka vya kuchezea mtoto, vingine havikuwahi kuguswa moto. Sasa vimepangwa barabarani, majina yamechongwa pembeni, na wanunuzi wa hoteli wanapiga bei. Nilishika birika moja lina jina na mwaka, Akka akanisomea, akaniambia weka chini hilo ni la mtu. Mtu mwenyewe kashauza mama, nikamwambia. Hakunijibu.

Jumamosi, Trichy

Leo ni siku ya kumi na nane ya Aadi, mto Kaveri unashukuriwa kwa maji mapya. Tuliondoka Karaikudi usiku wa manane ili tufike ngazi za Amma Mandapam, Srirangam, kabla watu hawajajaa, na bado tulikuta wamejaa. Polisi wameweka kamba, maji yanaenda kwa kasi. Wanawake wamekaa chini vikundi vikundi, wamepanga jani, maua, matunda, bangili nyeusi, taa, na nyuzi za manjano. Walioolewa wanabadilisha uzi wa ndoa shingoni leo, wazee wanawafunga mabinti uzi wapate waume, bi harusi wa mwaka huu wanaletwa na mashada yao ya harusi kuyaachia mtoni. Halafu watu wanakula wali wa rangi, wa ndimu, wa ukwaju, wa nazi, wa mtindi.

Akka alishika mabegi. Alisimama juu kule kwenye ukuta, hakuna aliyemwambia, hakuna aliyemwita pia. Nikamwambia tushuke wote akasema we nenda, mimi nakuona. Miaka karibu mia tangu Periyar apige kelele juu ya wajane na bado mwanamke aliyesimama mbele ya karani juzi leo hashuki ngazi. Mimi nilishuka nikalowanisha miguu nikarudi haraka, sikuona raha.

Dhahabu ikanunuliwa hata hivyo, si na sisi. Siku hii maduka ya mjini yanafungua mapema na watu wananunua hata gramu moja, wengine wanamaliza ile michango yao ya kila mwezi dukani, unalipa kidogo kidogo mwaka mzima kama kibubu halafu unachukua pete. Saa tatu hivi duka kubwa likapungua watu ghafla, nikadhani wamefunga, kumbe rahu kalam ya Jumamosi. Wauzaji wakakaa wakanywa kahawa. Saa nne na nusu ikapita, mlango ukasongamana.

Jumapili, Chennai

Tumerudi na treni ya usiku. Dada kasema mama mdogo kala vizuri na kagombana na nesi mara moja tu. Jioni Akka alipigiwa simu na kaka yake, wamemaliza kujumlisha, hakutaja jumla mbele yangu lakini alikuwa anacheka. Halafu akamwambia Akka aniulize shughuli yangu ni lini, maana mia tano na moja yangu iko kwenye kitabu na yeye hapendi kudaiwa na mtu wa mbali. Nikamwambia sina shughuli yoyote, sijaolewa, sina mtoto wa kumtoboa masikio.

Mama mdogo alikuwa amelala, au tulidhani. Akafungua jicho moja, "Mwambieni Desemba," akasema, "na aongeze."